Nilikata Mkorosho wa Mama, Nikapanda Mikomamanga

Mpendwa Shangazi Mabel,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijashika shoka mara ya pili, maana mara ya kwanza nililishika kwa raha zangu na mpaka leo nalia, na sasa mkono unaniwasha kulishika tena na sijui kama nitakuwa natengeneza au nazidi kuharibu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Kitangari huku Newala, nimeolewa na Fortunatus ambaye kwao ni Songea, na tumejaliwa binti mmoja, Flora, kwa hiyo ukinijibu niite Mama Flora, jina langu lihifadhi. Mume wangu alikuwa dereva wa serikali pale Masasi, tukakaa nyumba ya kazi miaka kumi na moja, mpaka ulipokuja mwaka ule wa kupunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, akapewa kiinua mgongo, tukakaa tukafikiri, nikamwambia twende kwetu, kwa mama kuna kiwanja, na siku hizi biashara imeachiwa huria, wanunuzi wa korosho wanakuja na malori yao mpaka mlangoni kwa mkulima, watu wana hela, tukifungua duka hatutalala njaa. Akakubali, maana kwetu si ajabu mwanamume kuhamia kwa wakwe zake.

Mama yangu, Yuliana, ni mjane, anakaribia miaka sabini, na goti lake la kulia linamsumbua tangu zamani. Alitupokea kwa moyo wote, akatupa sehemu yote ya mbele ya uwanja tujenge, yeye akabaki na nyumba yake ya udongo pale kando, na tulipokuwa tunajenga tulikula kwake na kunywa kwake mpaka bati likapanda na kisima chetu cha maji ya mvua kikakamilika. Nyumba ikaisha, ya matofali ya saruji, madirisha ya wavu, rangi ya maziwa, na hapo ndipo tamaa iliponishika.

Kule Masasi jirani na nyumba yetu ya kazi alikaa bwana mmoja mkubwa wa ofisini, na mbele ya nyumba yake alikuwa na mikomamanga miwili, mmoja kila upande wa mlango, na mchenza mfupi wa majani yanayong'aa, na kila nilipopita na kikapu changu cha sokoni nilisimama kidogo kama mtu aliyechomwa na mwiba, kumbe naangalia yale maua mekundu, nikijiambia, na mimi iko siku. Basi siku ikafika. Nikapanda gari mpaka Nanganga, pale barabarani kuna mtu anaitwa Shamte ana kitalu cha miche, nikakaa naye asubuhi nzima akinipitisha mche mmoja mmoja kama mshenga, huu mkomamanga, mama, ni wa macho kwanza halafu mdomo, huu mlimau ukiuweka karibu na dirisha utalala unanusa maua, huu mstafeli usiuweke mbele kabisa utakuficha nyumba. Nikachagua mikomamanga miwili, mchenza mmoja, mlimau mmoja. Akaniuliza, "Lakini mama, kule kwenu juu maji mnayo?" Nikamjibu kwa maringo kwamba tuna kisima chetu. Akasema, "Basi nusu ndoo kila mche, kila jioni, kiangazi chote, usiruke hata siku moja."

Tatizo lilikuwa mkorosho. Mama aliupanda alipoolewa, ulikuwa umesimama mbele ya nyumba yangu hasa, mzee, matawi yameinama mpaka chini, umeliwa na ugonjwa wa ubwiriunga na hakuna aliyeupulizia salfa, korosho zake hazijazi hata debe. Na Shangazi, njia ya kutoka bondeni kwenye maji inapita pale pale. Wanawake wakipanda ule mlima na ndoo zao walikuwa wanatua chini ya ule mkorosho, wanajifuta jasho, wanapiga soga, wanacheka, mabibo yanaoza yanaleta nzi, na mimi na nyumba yangu ya rangi ya maziwa nikaona haifai. Nikamwambia mama nataka kuukata. Mama akaniuliza, "Na wenzio wanaopanda na maji watakaa wapi?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Watakaa kwao, mama, kwani hapa ni stendi?"

Hakubishana. Alisema tu, "Uwanja nimekupa. Siwezi kukupa huku nimeushikilia." Basi nikamtafuta mtu wa shoka, na tawi la kwanza nililikata mimi mwenyewe, nikicheka, na watu walipita wakishangaa kwamba Mama Flora anakata mkorosho wakati wenzake wanapanda. Baada ya siku mbili uwanja ulikuwa mweupe. Nikapanda miche yangu, mume wangu akazungusha uzio wa mianzi na geti dogo, na kisiki tukakifunika kwa debe la maua, machipukizi yakijitokeza pembeni nayafyeka kwa panga ili pawe safi. Wale wanawake wakawa wananisalimu kutoka mbali. Halafu wakaanza kupita njia ya nyuma ya shule, sikuwaona tena, nikashukuru kimoyomoyo.

Kiangazi kikaja kikali, kisima kikashuka mpaka karibu na sakafu, tukatia kufuli kwenye kifuniko na ufunguo nikakaa nao mimi. Nikamwambia mama, "Mama, ukitaka maji sema." Nilidhani nimesema jambo jema. Akanijibu, "Ninayo, mwanangu." Mtungi wake nilikuwa nauona pale mlangoni umefunikwa vizuri na sahani yake, sikuwahi kufunua. Kila jioni nilipima nusu ndoo, nusu ndoo, nikamwagilia miche minne, na mama amekaa kizingitini kwake anatazama.

Mwezi wa kumi, asubuhi moja nikiwa nafagia, nikaona wanawake wanapanda mlima wamebeba kitu juu ya kitanda cha kamba, nikasogea getini kuangalia ni nani. Alikuwa mama yangu. Ameteleza pale kwenye mteremko mkali akiwa na ndoo ndogo ya Flora ya kuchezea mchanga, nyonga imevunjika.

Pale hospitali, tumekaa benchi tunasubiri, mmoja wao, Wilhelmina, ambaye tulisoma naye darasa moja, ndiye aliyeniambia. Alisema, "Sisi kila tukipumzika pale kwenye mkorosho, kabla ya kujitwisha tulikuwa tunamwachia mama yako kata moja ya maji mtungini mwake. Kila mtu kata moja. Tangu goti lilipomshika, miaka sita sasa, hakushuka bondeni hata siku moja. Ulipokata mti na kuweka geti tukaona sasa ana mtoto, ana kisima, mmejitosheleza." Shangazi, nilikaa kwa mama miezi mingi nikinywa maji ya mtungi ule, nikiogeshea mtoto, na sikuwahi kujiuliza yanatoka wapi.

Nilirudi nyumbani kumchukulia mama kanga. Nikafunua ile sahani. Mtungi ulikuwa mkavu, na kata imelala chini kabisa, ina vumbi. Nilipotoka nje nikaona mkomamanga wa upande wa kulia umefungua ua lake la kwanza.

Sasa ni mwaka na nusu. Mama anatembelea magongo mawili. Mjomba wangu Dastani, kaka yake wa tumbo moja, alimchukua kutoka hospitali moja kwa moja mpaka kwake, ng'ambo ya pili ya kijiji, na kwetu mjomba akishasema amesema. Nikienda kumsalimia mama ananiitikia marahaba, ananiuliza habari za Flora, basi, maneno yanaishia hapo. Nampelekea dumu la maji ya kisima, anasema weka hapo, na kesho yake nalikuta pale pale limejaa. Nimemwomba arudi, akaniambia, "Nitarudi kukaa na nani?" Na ile miti imestawi, Shangazi, imestawi mpaka inaniuma, mikomamanga inazaa, wapita njia wanasimama kusifu na kuniomba mbegu, na kila anayesifu ni kama ananichapa. Mimi nataka kuikata yote, nipeleke habari kwa mama kwamba nimeikata. Mume wangu anakataa, anasema, "Ukiikata, mama atapona?" Mimi sioni njia nyingine ya kumwonyesha mama kwamba nimejuta. Naomba uniambie, niikate? Na je, mama atarudi?

Ni mimi ninayejuta,
Mama Flora, Kitangari.

*

Mama Flora,

Marahaba. Weka shoka chini kwanza ndipo tuzungumze, siwezi kuongea na mtu aliyeshika chuma.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma mpaka chai yangu ikapoa. Mara ya pili nilikukasirikia. Utapata vyote viwili, vumilia.

Kutaka nyumba yenye sura nzuri si dhambi. Umekaa nyumba ya serikali miaka kumi na moja ukitazama maua ya mwenzio, umepata chako, ukataka na wewe mpita njia asimame. Nani asiyetaka? Na hukuchagua vibaya. Mkomamanga ni mti mzuri, mchenza ni mti mzuri, na huyo Shamte wa Nanganga ni mwuza miche mwenye akili, maana aliuliza swali la maana kabla ya kupokea hela yako. Wewe ndiye uliyelijibu kwa maringo. Yeye yuko chini huko penye mto, nyie mko juu ambako ndoo ya maji ni nusu siku ya mtu.

Sasa nikuseme. Umeniandikia kwamba uliona nzi, ukaona mabibo, ukasikia vicheko. Wanawake hukuwaona. Watu wamepanda mlima na ndoo kichwani, wewe unawauliza kama hapo ni stendi! Ulizaliwa hapo hapo, ukashuka bondeni hapo hapo ukiwa msichana, shingo yako imesahau lini? Na maneno yako ya "ukitaka maji sema" ndiyo yaliyoniuma kuliko shoka. Mama mzazi, kwenye uwanja aliokupa yeye, amwombe mwanawe maji, na ufunguo uko kwenye pindo la kanga la mwanawe, huku anaona mche unanyweshwa bila kuomba? Angesemaje? Alikupa jibu ambalo wazazi wenye heshima zao hutoa. Alisema anayo.

Mtungi wa mwanamke mwenye goti bovu umejaa kila siku, na wewe unachota tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Wewe ulikuja, mwenyeji akavunjika. Najua nakuumiza, lakini umeomba.

Haya, tuje kwenye swali lako. Usiikate. Baba Flora ana haki kuhusu hilo, ingawa mwambie kutoka kwangu kwamba kusema "mama hatapona" si sababu ya kukaa kitako, maana uzio ni wa mikono yake. Sababu yangu mimi ni nyingine. Miti hiyo uliipanda ili watu waone. Sasa unataka kuikata, pia ili watu waone. Mama yako ataletewa habari kwamba umekata, na yeye atazifanyia nini habari hizo? Habari hazina kivuli cha mtu kukaa, wala hazinywewi.

Fanya hivi, na uanze wiki hii, usingoje korosho ziuzwe.

Kufuli litoke. Geti ling'olewe, na uzio wa upande wa njia ulale chini. Kwenye kisiki ondoa hilo debe la maua. Halafu panga uliweke mbali, mama, maana umeandika jambo kubwa bila kulijua. Umesema machipukizi yanatoka nawe unayafyeka. Mkorosho uliokatwa ukichipua haujafa! Mwaka na nusu mti wa mama yako unajaribu kurudi na wewe unausukuma chini. Acha chipukizi mbili zenye afya, nyingine toa, uzipulizie salfa wakati wake kama wanavyofanya wenye mashamba. Hutapata kivuli kesho. Kwa sasa jenga banda la nguzo na nyasi kando ya kisiki, bila kuta, na ndani yake kichanja cha kuwekea ndoo, kifike kifuani, ili mwanamke aweze kutua na kujitwisha bila kuinama wala kusaidiwa. Kimo chake usikikisie. Kamwulize Wilhelmina, na ukimwuliza mwombe radhi kwanza, yeye na wenzake, maana waliochota kata moja moja kwa miaka sita ndio walikuwa wanamtunza mama yako wakati wewe uko Masasi unatazama maua. Komamanga zikiiva zichume uziweke kwenye ungo pale bandani, wanaopumzika wapate kula. Hapo miti yako itakuwa imepata kazi.

Kwa mjomba Dastani nenda na mumeo, kwa utaratibu wenu, useme kosa lako kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na lile neno la stendi. Usilirembe. Na siku hiyo usiombe mama arudi. Ukienda kuomba msamaha na kudai kitu siku moja, unachoomba ni hicho kitu.

Na maji. Umejiuliza kwa nini dumu lako halinyweki? Ni yale maji ya chini ya kufuli, mama. Tafuta ngata ya kuweka kichwani, amka na wenzio, shuka bondeni kwa miguu yako, pita pale alipoanguka, panda nayo kichwani mpaka kwa mjomba wako, ummiminie kwenye mtungi wake. Usiende na sukari, wala kanga mpya, wala machozi. Akisema weka hapo, weka hapo, uage uondoke. Kesho urudi. Sikuambii siku ngapi, kwa sababu wale wanawake hawakuhesabu.

Umeniuliza kama atarudi. Sijui, na sitakudanganya. Ana magongo mawili na miaka sabini, na chipukizi zile zinataka miaka. Inawezekana akafia kwa kaka yake na wewe ukabaki na mti mrefu. Jiandae kwa hilo, na bado ufanye niliyokuambia, kwa sababu kuna wanawake wanaopanda mlima huo kesho asubuhi na wao hawajafa.

Amekuambia, "Nitarudi kukaa na nani?" Wewe umelisikia kama lawama. Mimi nimesikia mtu anayerudia swali, kwa kuwa mara ya kwanza hakujibiwa. Siku ile alipokuuliza wenzio watakaa wapi, hakuwa anautetea mti wake. Mama Flora, amekungoja muda mrefu sana. Kamjibu. Na ndoo uibebe mwenyewe.

Shangazi Mabel